Uliza Kama Mkewe Huipanda

Msichana aliyerithi kiti changu cha mapokezi hotelini aliniuliza swali moja tu siku ya kukabidhiana kazi. Hakuuliza funguo za stoo ziko wapi, wala kwa nini mlango wa chumba cha mwisho haufungi mpaka uupige teke. Aliuliza, "Mama Felgona, mgeni akitaka boti ya kwenda visiwani, namchagulia ipi?" Nikamwambia jibu lake ni refu, aniache nistaafu kwanza. Sasa nimestaafu, miguu imepumzika, na jibu ndilo hili. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara ukiuzungumzia utanitia hasira bure.

Nilifika Homa Bay kutoka Rongo miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mbichi na kila mtu akitembea kama anakwenda kufungua kitu. Baba alikuwa mkulima wa mahindi na njugu. Maji makubwa niliyokuwa nimeyaona maishani ni mto Kuja ukiwa umefurika, na hayo niliyaona nikiwa juu ya kilima, nimeshika mti. Kwa hiyo siku ya kwanza kazini, meneja aliponionyesha ziwa kwa fahari kana kwamba amelichimba yeye, nilishika nguzo ya baraza. Alidhani nimezidiwa na uzuri.

Nilipewa meza, kengele ya kubonyeza, na darubini iliyokuwa inaona kwa jicho moja tu. Jicho la pili lilikuwa limeingia maji na lilionyesha ukungu hata saa sita mchana. Kazi yangu ilikuwa kuandikisha wageni na kuwachagulia boti. Wageni wenyewe walikuwa walimu walio likizoni, wamishonari, na mara mojamoja wazungu wanaotafuta ndege. Wote walitaka kufika Rusinga na Mfangano, na wote waliniuliza mimi, mtoto wa Rongo, ni boti gani iliyo salama. Mimi ambaye usingenipandisha boti hata ukinifunga kamba.

Aliyeniokoa ni Mama Dorsila, mkuu wa kufulia nguo. Alikuwa mama mnene wa Rusinga, mkono wake mmoja daima una pasi ya makaa, na alikuwa akiongea bila kuinua macho kutoka kwenye shuka.

"Nyathina," akaniambia, na hilo kwa Kijaluo ni mwanangu, "usiulizange mwenye boti kama boti yake iko mzuri. Atasema nini? Uliza kama bibi yake hupandanga hiyo boti. Bibi ya mtu anajua kila shimo."

"Na kama bibi hapandi?"

"Basi na mgeni asipande. Kwisha."

Nimesoma vitabu vichache vya utalii baadaye, vyenye picha na ramani. Sijakuta kanuni iliyoipita hiyo.

Boti za wageni zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Jaduong' Elkana, mzee Msabato aliyevaa tai mpaka akiwa majini. Mkewe aliipanda kila wiki kwenda sokoni, akiwa na kuku, na kuku nao walionekana watulivu. Ila jua la Ijumaa likitua, Elkana hakugusa injini mpaka Jumamosi jua litue tena, hata ungelia mbele yake. Ya pili ilikuwa ya Klementi, Mkatoliki wa kwaya, aliyeimba njia nzima ukitaka usitake. Mkewe naye aliipanda, lakini alibeba kasia lake mwenyewe, jambo ambalo sikulisema kwa wageni mpaka waniulize.

Ya tatu ilikuwa ya Ouko. Ilikuwa mpya, rangi ya samawati, mbao zake zimebana vizuri. Ouko mwenyewe alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya upole na masikio makubwa kidogo, na tabia ya kufika mapokezi kuuliza saa ilhali yeye ndiye aliyekuwa na saa mkononi. Mkosi wake mmoja: hakuwa na mke. Kanuni ni kanuni. Sikuwa na wa kumuuliza, kwa hiyo sikumpelekea mgeni.

"Nyar Rongo, binti wa Rongo," akaniambia siku moja, ameegemea meza yangu, "wewe unakataanga boti yangu kwa nini? Imekukosea nini?"

"Haijanikosea. Huna bibi."

"Sasa bibi ni sehemu ya injini?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Mwulize Mama Dorsila."

Alicheka, lakini wiki iliyofuata hakucheka. Alikuja kuniambia kwamba binamu yake anachimba dhahabu Masara, upande wa Suna, na lori la kwenda huko linapita Jumatatu. Asipopata wageni kufikia siku hiyo atauza boti aende kuchimba. "Kule chini ya shimo," akasema, "hakuna mtu anauliza kama una bibi." Nilisema, "Safari njema," kwa sauti kavu kabisa, kisha nikabonyeza kengele ingawa hapakuwa na mtu wa kumwita. Ukweli ni kwamba sikutaka aende. Nilitaka aendelee kuja kuuliza saa. Lakini ningewezaje kumtuma mgeni kwenye boti nisiyoijua, eti kwa sababu napenda sauti ya mwenyewe?

Ijumaa ya wiki hiyohiyo, meli ya kutoka Kisumu ikatushushia maharusi kutoka Mombasa. Bwana Salim alikuwa mzamiaji wa bandarini, kazi yake ni kushuka chini ya meli kuangalia kilichovunjika. Bi Rehema, mkewe, alikuwa ameweka sharti moja la fungate yao: waende mahali pasipo bahari, maana bahari inamchosha mumewe na kumnukisha. Bwana Salim alikubali bila ubishi. Alimleta mahali pasipo bahari. Ila kati ya mizigo yao kulikuwa na kitu kirefu, kizito, kimefungwa kwa blanketi na kanga mbili, na mpagazi alikishusha kama anayeshusha maiti.

Bi Rehema alipokwenda kuoga, Bwana Salim akaja mapokezi akinong'ona.

"Dada, nataka chombo cha kunipeleka visiwani kesho, nikapige mbizi."

Hapa inabidi mnielewe. Kiswahili sisi tulikipata shuleni na sokoni, baada ya Kijaluo, na neno hilo halikuwa limefika Rongo. Nilisikia mbuzi.

"Kupiga mbuzi?"

"Naam. Wasemaje, huku kwenu kunapigika?"

"Mbuzi iko mingi sana Mfangano," nikasema polepole. "Lakini bwana, ziko na wenyewe."

Alicheka, akidhani ni mzaha wa bara. Nikamuuliza atapiga na nini. Akafunua blanketi kidogo akanionyesha mtungi wa chuma wenye mpira mrefu. "Na huu. Hewa imejaa, nimeijaza mwenyewe."

Nilikwenda mbio kufulia. "Mama, kuna mgeni wa pwani anataka kupeleka mtungi Mfangano akapige mbuzi za watu."

Mama Dorsila hakuinua macho. "Watu ya pwani ako na mambo yao. Na bibi yake anajua?"

"Ameficha."

"Basi ni kitu mbaya. Lakini mgeni ni mgeni. Tafuta boti."

Nikashuka gati, lile jipya, kwa kuwa la zamani lilikuwa limemezwa na ziwa maji yalipopanda. Jaduong' Elkana alinitazama kwa huruma. "Binti yangu, kesho ni Sabato. Hata kama si Sabato, mimi sibebi mtu wa kupiga wanyama." Klementi alikuwa amekodiwa kupeleka waombolezaji Rusinga, yeye na kwaya nzima. Akabaki Ouko, ameketi kwenye boti yake ya samawati, hanitazami.

Nilimweleza. "Nitaleta mbuzi yangu," akasema. "Akitaka kupiga, apige ya mtu mwenye anajua. Mbuzi za watu zitatuletea kesi."

"Hutaogopa atamuumiza?"

"Nitaongea na yeye."

"Na mgeni?"

"Na mbuzi."

Jioni nikamwarifu Bwana Salim kwamba boti imepatikana na mbuzi mmoja pia. Akaanza kucheka mpaka akashika kaunta. "Mbizi, dada! Mbizi! Nazama chini majini, natazama samaki, kisha naibuka." Akanifafanulia kwa mikono, akivuta pumzi na kuvimbisha mashavu.

Kumbe anataka kuzama. Hilo neno nililijua vizuri, sote tulilijua, na halikuwa neno la kuchezea mjini kwetu. Kuzama ndiko kunakotokea mtu akapotea na watu wakakaa ufukoni wakimngoja. Nilimtuma mlinzi kwa Ouko na ujumbe kwamba si mbuzi tena, mgeni anataka kuzama. Jibu likarudi haraka: "Mwambie boti yangu haizami, hata akilipa."

Asubuhi nusu ya mji ilikuwa gatini. Ujumbe ukipita kwa mlinzi wetu hufika kila mahali isipokuwa kwa anayehusika, na watu walikuwa wamekuja kumwona Mswahili aliyetoka Mombasa kuja kufa maji kwetu, kana kwamba kwao maji yamekwisha. Bi Rehema naye alikuwapo, mikono kiunoni, kwa maana mtungi haufichiki ukiwa mgongoni.

"Bahari umeniambia utaiacha," akamwambia mumewe.

"Hii si bahari, mpenzi. Hii haina chumvi."

Kwenye boti, katikati kabisa, hakukuwa na mbuzi. Mbuzi alikuwa gatini na Ouko, jike mweupe mwenye doa jeusi usoni, amesuguliwa kwa sabuni. Nilimuuliza Ouko kwa hasira kwa nini amemleta ilhali nilituma ujumbe.

"Nilisikia mbuzi kwanza, halafu kuzama," akasema. "Nikaona nilete mbuzi. Hiyo ya kuzama tutaongea."

Bwana Salim alikuwa mtu wa kazi. Aliingia botini akagonga mbao kwa vifundo vya vidole, akanusa sakafu, akauliza kopo la kutolea maji liko wapi. Ouko akalivuta kutoka chini ya kiti. Lilikuwa na buibui ndani, ametandaza nyumba yake kwa raha. Bwana Salim akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Buibui huyu hajasumbuliwa," akasema. Mnaokaa mapokezi leo, hilo nalo likumbukeni. Kopo kavu ni shahidi mzuri.

Lakini Bi Rehema hakuwa mtu wa buibui. Akanigeukia mimi. "Dada, wewe ndiye uliyetuchagulia. Chombo hiki umekipanda?"

Watu wote wakasogea karibu. Hata Ouko akanitazama, na macho yake yalikuwa yanauliza kitu kingine.

"Sijakipanda," nikasema.

"Mbona?"

Nikamweleza kanuni ya Mama Dorsila mbele ya umati. Nikasema kwamba mwenye boti hana mke, kwa hiyo mimi sina la kumwambia. Ouko alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Ni kanuni ya busara," Bi Rehema akasema. "Mimi nimeolewa juzi. Sitaki kuwa mjane wa maji baridi. Salim, rudisha mtungi."

Wakati huo Ouko, kwa unyonge, aliiachia kamba ya mbuzi. Na yule mbuzi, ambaye hakuna aliyemwambia neno, akatembea mpaka ukingo wa gati, akaruka, akatua botini, akaenda kuketi kwenye ubao wa mbele kama mtu mwenye tiketi. Kumbe Ouko alikuwa akimpeleka kwa mama yake Mfangano kila wiki kula majani, na mahali pale palikuwa pake.

Mnajua mbuzi na maji. Mbuzi akiona dimbwi hulizunguka. Umati uliguna kwa mshangao, halafu Bi Rehema akapiga makofi. "Hakuvutwa!" akasema. "Mmemwona? Hakuvutwa! Bwana Ouko, mke unaye, tena mwenye ndevu." Akakusanya buibui lake la nguo, si yule wa koponi, akapanda, akaketi karibu na mbuzi.

Ouko alipita karibu nami akifungua kamba ya boti. Alisema kwa sauti ndogo, "Nyar Rongo, hata mbuzi ameniamini." Hakusema kwa uchungu, na hilo ndilo lililonichoma.

Wakaondoka. Mimi nikarudi kwenye meza na darubini ya jicho moja.

Walisema watarudi kwa chakula cha mchana. Mchana ukapita. Upepo ukaanza kutoka upande wa visiwani, ziwa likakunja uso, mawimbi yakawa yanapiga gati mpaka maji yanaruka juu. Meneja alipita akauliza kama wageni wa Mombasa watakula samaki au kuku, nikamjibu, "Sijui," kwa sauti iliyomfanya arudi ofisini. Kila mtu aliyepita barazani alikuwa na neno lile: wamezama? Bado hawajazama? Mwenyewe alisema anataka kuzama. Niliosha kioo cha darubini mara nyingi sana. Mama Dorsila alikuja kusimama kando yangu, mara ya kwanza kumwona bila pasi. Nikamwambia, "Mama, nampenda huyu mtu na sijawahi kumwambia hata boti yake ni nzuri." Akajibu, "Najua. Hata pasi inajua."

Kisha, kwenye lile jicho moja, nikaona doa jeupe. Kwanza nikadhani ni povu, lakini povu halina masikio. Alikuwa mbuzi, amesimama mbele ya boti, ndevu zinapepea. Nyuma yake Bi Rehema, nyuma yake Bwana Salim amejifunika blanketi, na nyuma kabisa Ouko ameshika usukani. Nililia bila aibu yoyote.

Kilichowachelewesha hakikuwa upepo. Bwana Salim alikuwa amejifunga mtungi mgongoni, akaketi ukingoni mwa boti karibu na ufuko wa Mfangano, akajiangusha kinyumenyume majini. Wavuvi waliokuwa wakianika nyavu walimwona mtu amejifunga chuma akajitupa ziwani, mkewe akiwa ameketi anatazama tu. Wakaruka na mitumbwi, wakamvuta kwa ule mpira wa hewa. Akawaeleza. Wakamwachia. Akazama tena. Wakamwokoa tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Walipomwokoa mara ya tatu walimpeleka ufukoni moja kwa moja, wakaita wazee, wakafanya baraza la kuwapatanisha maharusi. Kina mama walimkemea Bi Rehema kwa kumsukuma kijana wa watu mpaka akate tamaa ya kuishi. Bi Rehema alishindwa kujitetea kwa kucheka, na wao wakaona ana roho ngumu.

"Mwishowe," Ouko akatueleza gatini, "wakasema ya kupatanisha lazima mbuzi ichinjwe. Na mbuzi ni moja tu iko hapo."

"Ukasemaje?"

"Nikasema huyu hachinjwi. Huyu ni abiria."

Ilibidi wazee waridhike na samaki. Bwana Salim alipoulizwa alichokiona chini ya ziwa letu alisema aliona matope, na samaki mmoja aliyeshangaa kuliko yeye. Alikuwa amefurahi kabisa. Kule bandarini, alisema, ameshuka miaka yote na hakuna mtu aliyewahi kuruka majini kumtafuta.

Bi Rehema alisimama kwenye ngazi za hoteli akawatangazia wageni wote, kwa sauti ya pwani inayofika mbali, kwamba boti ni ile ya samawati. Walimu waliokuwa wakitaka kwenda Rusinga wakaichukua Jumapili. Wamishonari wakaichukua Jumatatu, na lori la Masara likapita likiwa na binamu peke yake. Jioni hiyo Ouko akaja kuuliza saa. Nikamshika mkono, nikaigeuza saa yake aione mwenyewe, na sikuuachia ule mkono.

Tulioana kabla mvua hazijaanza. Mngedhani hapo ndipo shida ya kanuni iliisha. Ndipo ilipoanza. Sasa Ouko alikuwa na mke, na mkewe alikuwa mimi, na mimi sikupanda boti kwa kuwa bado nilikuwa mtoto wa Rongo na maji bado yalikuwa maji. Mgeni aliponiuliza, "Mke wa mwenye hii huipanda?" sikuweza kusema uongo. Nilisema, "Mkewe haipandi. Lakini mbuzi wake huipanda." Wengine walicheka wakaenda kwa Elkana, wengine walicheka wakapanda. Ouko alikuwa akirudi nyumbani jioni ananiambia, "Leo umenikosesha wazungu, mama." Nami namwekea ugali. Hakuwahi hata siku moja kuniambia nipande. Yule mbuzi alizaa, na wanawe wakafuatana, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alirithi ule ubao wa mbele.

Siku niliyokabidhi funguo, nilishuka gatini na mkoba wangu. Ouko alikuwapo, masikio yaleyale, boti nyingine lakini rangi ileile. Nyuma yangu nilimsikia mgeni, mwalimu wa kike mwenye kofia, akimuuliza yule msichana wangu mpya swali ambalo nadhani alifundishwa na mlinzi: "Na mke wa mwenye boti hii, huipanda?"

Msichana aligeuka. Alinitazama.

Nikainua sketi, nikampa Ouko mkono, nikamwambia mbuzi asogee.